UZI: Mshukiwa wa ugaidi akipigwa risasi kabla ya kufika kortini, nani anabaki kutuambia ukweli?

MwanaRwenzori

Habari zenu wote humu. Najua mada hii itaudhi wengine lakini nimekaa nayo muda mrefu, wacha niitoe. Mimi ni mtu wa Kasese, upande wa mpakani kabisa, kwa hiyo kabla mtu hajaniambia sijui ugaidi ni kitu gani ajue sisi ADF, wale waasi wa Uganda wanaojificha Congo, tumekua nao. Juni 1998 walichoma mabweni ya Kichwamba Technical, wanafunzi kama 80 wakateketea. Juni 2023 wakaingia Mpondwe Lhubiriha Secondary wakaua watu zaidi ya 40, wengi wanafunzi, na wengine waliungua mpaka wazazi wakangoja vipimo vya DNA ndo wajue mtoto wao ni yupi. Mtu aliyefanya vile sina huruma naye hata chembe.

Sasa jambo langu ni hili. Kila likilipuka bomu, siku mbili tatu haziishi tunasikia redioni magaidi kadhaa wameuawa. Picha ya mwili, bunduki imelazwa pembeni, habari imeisha. Jina la mtu tunaambiwa na waliomuua, kosa lake tunaambiwa na waliomuua, ushahidi wanao wao, hukumu wameshatekeleza wao. Raia kazi yake kuamini tu.

Chukueni Novemba 2021. Tarehe 16 mabomu mawili yalilipuka katikati ya Kampala, moja karibu na CPS, kituo kikuu cha polisi, na lingine barabara ya Bunge, watu wasiopungua watatu wakafa pamoja na walipuaji watatu, majeruhi zaidi ya 30. Unyama mtupu, hakuna anayebisha. Tarehe 18 polisi wakatangaza wamekamata watu 21 na kuna watano wameuawa, wanne kule Ntoroko wakikimbilia Congo, na wa tano Sheikh Muhammad Abas Kirevu, ambaye walisema ndiye alikuwa anaandikisha vijana na kufufua seli za ADF hapa Kampala na kwamba alileta vurugu wakati wa kukamatwa. Waislamu wengi waliuliza maswali na mpaka leo wanauliza.

Mimi simjui yule sheikh, siwezi kusema alikuwa na hatia au hakuwa nayo, na hapo ndipo penye shida yenyewe. Kama kweli alikuwa mwandikishaji basi katika wote wale ndiye aliyekuwa na thamani kubwa akiwa hai, maana ndiye angejua pesa zinapita kwa nani, simu zipi zinatumika, nani anavusha vijana mpaka Beni kule Congo, nyumba gani Kampala zinalaza watu. Vyote hivyo vikazikwa naye. Na kama hakuwa mtu huyo, nani atamsafisha jina? Watoto wake watakuwa watoto wa gaidi maisha yao yote na hakuna hakimu hata mmoja aliyewahi kusoma karatasi ya kesi ya baba yao.

Halafu rudini nyuma 2010. Julai 11, fainali ya Kombe la Dunia, Kyadondo na Ethiopian Village pale Kabalagala, watu zaidi ya 70 wakafa. Wale washukiwa walifikishwa High Court, ikachukua muda, Mei 2016 Jaji Owiny-Dollo akatoa hukumu. Washtakiwa walikuwa 13. Saba wakapatikana na hatia ya ugaidi na mauaji, watano kati yao wakafungwa maisha na wawili miaka 50. Mmoja alikutwa na kosa dogo la kusaidia baada ya tukio akapewa kazi za jamii. Na watano wakaachiwa kabisa, jaji akasema upande wa mashtaka haujathibitisha.

Watano kati ya 13! Sasa fikiria mwezi Julai 2010 tungekuwa na hasira kama tulizonazo leo na askari wakawapiga wote risasi kwenye operesheni, leo hii wale watano wangekuwa kwenye orodha ya magaidi waliouawa na hakuna mtu angewahi kujua tofauti. Hicho ndicho kinanikosesha amani. Wangapi wa aina ile tumeshawazika?

Lugogo_2010

Mkuu nakuheshimu lakini hapo umenigusa pabaya. Mdogo wangu alikuwa Kyadondo usiku ule, alienda kuangalia Spain na Uholanzi, hakurudi. Unazungumza wale watano walioachiwa kama vile ni ushindi. Sisi familia tulikaa karibu miaka sita tunangoja hukumu, mara kesi imesimama kwa sababu kuna petisheni Constitutional Court wanalalamika waliletwa kutoka Kenya na Tanzania bila utaratibu, mara imeahirishwa, na ilipoanza kwenda vizuri 2015 Mama Joan Kagezi aliyekuwa anaongoza mashtaka akapigwa risasi Kiwatule mbele ya watoto wake. Machi 30. Yule mama alikufa kwa ajili ya kesi yetu ndivyo sisi tulivyoona. Kwa hiyo ukiniambia utaratibu, nakuambia utaratibu ulituua mara ya pili. Mtu anayeua watu 70 wanaangalia mpira mimi sioni haja ya kumpa wakili.

MwanaRwenzori

@Lugogo_2010 pole sana ndugu yangu, sitabishana na msiba wako. Na kuhusu ucheleweshaji nakubaliana nawe asilimia zote, miaka sita ni mateso. Lakini naomba nikuulize kitu kimoja kuhusu huyo huyo mama Kagezi. Wakati ule kila mtu alisema ni Al-Shabaab. Kama siku ile wangetafuta vijana wawili watatu wa Kisenyi, mtaa wa Wasomali Kampala, wakawaua wakatuambia ndio hao, si tungeamini? Watu wangeamini na faili lingefungwa. Badala yake ikapita miaka, wakakamatwa watu wakafikishwa kortini, na Mei 2025 mmoja akakiri mwenyewe akafungwa miaka 35. Mtu aliye hai ndiye aliyesimama akasema nilikuwepo, tulifanya hivi na hivi. Maiti haikiri.

Mstaafu_Bombo

Nimesoma yote. Mimi nimevaa gwanda, sasa nalima, kwa hiyo nitaongea kama askari na sitaki matusi.

Nyinyi mnaozungumza katiba mnazungumza mmekaa kwenye kiti. Mtu amevaa mkanda wa bomu, kidole kiko kwenye kitufe. Ukimwambia simama mikono juu, umempa sekunde mbili. Sekunde mbili zinatosha kuua watu ishirini stendi ya basi. Huyo hakuna onyo, hakuna mguu, unapiga kichwa, basi. Na hata kwenye nyumba, unaingia saa tisa usiku, hujui ndani kuna nini, mtu anainua kitu gizani. Wewe mwanasheria ungengoja uone kama ni bunduki au ni tochi? Oktoba 2021 jamaa alijilipua kwenye basi pale Lungala, Mpigi, kwa bahati akafa yeye tu. Wangemwona mapema wakampiga, nyinyi mngeanza kuuliza kwa nini hakufikishwa kortini.

Kalamu_Wandegeya

Afande heshima kwako. Mimi nasomea sheria na wacha niseme kitu ambacho watu wengi hawajui, kwenye mfano wako wa mkanda sheria iko upande wako. Hakuna sheria Uganda wala UN inayosema askari angoje bomu lilipuke. Kanuni za UN za 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha zinasema kuua kwa makusudi kunaruhusiwa pale tu ambapo haiepukiki kabisa ili kuokoa maisha. Mtu ana mkanda, kidole kwenye kitufe, hiyo haiepukiki. Kwa hiyo hatugombani hapo.

Tunagombana kwa yule ambaye mmemfuatilia wiki nzima, mnajua analala wapi, anaswali wapi, anatoka saa ngapi dukani, halafu mnamfuata usiku kwake na asubuhi ni maiti. Huyo Sheria ya Polisi yenyewe imeeleza lini unaruhusiwa kumpiga: anatoroka baada ya kukamatwa kwa kosa kubwa, au anapambana kwa nguvu kukamatwa kwake au kwa mwenzake, na bado lazima uwe umeonya na huna njia nyingine ya kumshika.

Kuna kesi moja nje ambayo naipenda sana kwa sababu inaongea na afande moja kwa moja. Machi 1988 makomando wa Uingereza waliua watu watatu wa IRA, kundi la Ireland lililopigana na Uingereza, pale Gibraltar. Hawa hawakuwa malaika, walikuwa kweli wamekuja kupanga bomu. Lakini siku ile hawakuwa na silaha mwilini na ile gari waliyoegesha haikuwa na bomu. Askari waliambiwa na wakubwa wao kwamba bomu lipo na wanaweza kulibonyeza kwa rimoti. Kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, 1995 majaji 10 kwa 9 wakasema haki ya kuishi ilivunjwa. Na sikilizeni sababu. Hawakuwalaumu wale askari waliofyatua, walisema askari waliamini walichoambiwa. Waliwalaumu waliopanga operesheni: mlijua hawa watu wanakuja, mngeweza kuwazuia mpakani, kwa nini mliwaacha waingie mpaka mjini halafu mkawapa askari habari ambazo hazijahakikishwa? Yaani kosa lilianza ofisini, kabla hata bunduki haijatoka begani.

Ndo maana swali langu kwa kila operesheni haliishii kwa askari wa mwisho aliyeshika bunduki. Nani alipanga, aliambiwa nini, kwa nini usiku, kwa nini nyumbani kwenye watoto, kwa nini si barabarani mchana akitoka kununua mkate.

Mstaafu_Bombo

@Kalamu_Wandegeya sasa hapo umeongea kitu. Nitakubali hili moja. Kijana wa mwisho kwenye mstari anaambiwa "huyo ana silaha, huyo ni hatari", hapewi zaidi. Akikuta mtu anatikisika anapiga. Lawama inamwangukia yeye na aliyempa habari anapandishwa cheo.

Na niseme ukweli mwingine, kumkamata mtu hai inawezekana tukitaka. Baada ya wale watalii wawili na dereva wao kuuawa Queen Elizabeth Oktoba 2023, jeshi lilimfuata yule kamanda wa ADF wanayemwita Njovu mpaka Ziwa Edward, wenzake wakafa kwenye mapigano, yeye akashikwa mzima akapelekwa kortini. Kiongozi wao mkubwa Jamil Mukulu alikamatwa Tanzania 2015 bila risasi. Kwa mpelelezi mtu kama huyo ni hazina. Lakini jueni kumkamata hai ni kazi ngumu mara tatu, inataka watu waliofunzwa, inataka muda, na wakubwa wanataka matokeo kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Gulu_Mjini

Mmemsahau Kwoyelo. Huyu alikuwa kamanda wa LRA, waasi wa Kony, alikamatwa Machi 2009 huko Garamba, Congo, akiwa na jeraha la risasi. Mtu amepigwa, yuko chini, ingekuwa rahisi kummalizia porini na nani angeuliza? Wakamtibu wakamleta. Kesi yake ilizunguka miaka 15, ndiyo, kashfa hiyo, hata mimi nililaani. Lakini Agosti 2024 hapa Gulu majaji wakamtia hatiani kwa makosa 44, na Oktoba akafungwa miaka 40. Mama zetu waliofanywa watumwa, waliopigwa, waliobeba mizigo ya waasi, walisimama mbele yake wakasema ulinifanyia hivi. Wakamtazama usoni. Hiyo kitu risasi haikupi. Nakuambia @Lugogo_2010 kwa upendo, sisi Waacholi tuliua na kuuliwa miaka ishirini, na kilichotuletea hata kidogo cha utulivu ni kusikia yakisemwa kwa sauti na kuandikwa.

Lugogo_2010

@Gulu_Mjini nimekusikia. Siwezi kusema nakubali, ila kuna siku moja nilienda kusikiliza ile kesi yetu, shahidi akaeleza zile fulana za mabomu zilivyoletwa na nani aliweka wapi. Mpaka siku ile nilikuwa sijui mdogo wangu alikufa vipi. Hiyo nitawapa. Lakini miaka sita hapana. Kama mnataka watu waache kushangilia risasi, harakisheni korti. Katiba inasema rumande kwa makosa makubwa siku 180 halafu kesi ipelekwe High Court, nani anaifuata hiyo? Mnaanza na askari, anzeni na majaji na DPP, mkurugenzi wa mashtaka.

Hajat_Mbale

Assalaam alaykum. Mimi si msomi kama nyinyi, niwieni radhi nikiandika ovyo. Nasoma tu lakini leo nimeshindwa kunyamaza.

Mtoto wa dada yangu alichukuliwa mwaka jana. Alikuwa anatoka msikitini baada ya Isha, gari la droni likasimama, mnayajua yale ya Hiace hayana namba, wakatoka watu wamevaa kiraia wakamwingiza. Hatukupewa karatasi, hatukuambiwa anapelekwa wapi. Tulizunguka vituo kila kimoja wanasema hayuko kwetu. Nenda kule, rudi hapa. Dada yangu aliacha kula. Usiku redio ikisema magaidi wameuawa sehemu fulani tunakaa wima kusikiliza kama watataja jina lake. Mnajua hiyo ni nini, mzazi anasikiliza redio aone kama mwanawe ameuawa na serikali?

Nyinyi mnajadili kuua na kutoua. Mimi naona inaanzia hapa, kwenye gari lisilo na namba. Mtu akishachukuliwa vile ni kama hayupo tena duniani, kwa hiyo wakimuua ni nani atasema alikuwa mikononi mwao? Watasema tulimkuta porini na bunduki. Na sisi Waislamu tumechoka, kila kikitokea kitu ni vijana wetu wenye ndevu. Tunawachukia hao ADF kuliko mnavyojua, wanaua kwa jina la dini yetu, lakini sasa tunawaogopa wote wawili.

Pwani_254

Poleni sana Hajat. Mimi niko Mombasa na haya mnayoandika ni kama mnaandika ya kwetu. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi ndani ya gari yuko na mke wake na familia. Alikuwa na kesi kortini wakati ule, yaani serikali ilikuwa na nafasi ya kumthibitishia mbele ya hakimu. Mji ukawaka siku kadhaa, makanisa yakashambuliwa, polisi wakafa. Aprili 2014 Makaburi, mhubiri mwenzake, naye akapigwa nje ya korti ya Shanzu. Sijasikia mtu aliyefungwa kwa hayo mawili. Mimi mawaidha ya Rogo nilikuwa siyapendi, alikuwa anatia vijana sumu. Lakini wale vijana ambao walikuwa wanamsikiliza nusu nusu, alipouawa ndipo wakamwamini kabisa. Kuna majirani zangu wawili walivuka Somalia baada ya hapo. Waliomuua walidhani wamenyamazisha sauti, kumbe kanda zake ndio zikaanza kuuzwa.

Kalamu_Wandegeya

Hajat shikamoo, na pole sana. Nitakurudia mwishoni na mambo ya kufanya, nakuomba usiondoke.

Kwanza nimjibu @Lugogo_2010. Umeongea haki, korti zetu zinaumiza waathirika. Ila angalieni ni nani mara nyingi anazivuruga. Novemba 16, 2005, watu wenye silaha na fulana nyeusi, wale wa kikosi cha usalama walioitwa Black Mamba, walizingira High Court Kampala kwa sababu majaji wametoa dhamana kwa washukiwa wa PRA, kundi lililodaiwa kuwa la waasi. Siku chache baadaye watu hao hao wakashtakiwa kwa ugaidi kwenye korti ya kijeshi mpaka Constitutional Court ikasema korti hiyo haina mamlaka hayo. Na wale watano mliowataja wa 2016, walioachiwa na jaji, walikamatwa tena muda mfupi tu baada ya hukumu. Sasa kama kuachiwa na High Court hakumaanishi kitu, na dhamana haimaanishi kitu, mtu akisema korti hazifanyi kazi mimi namuuliza nani amezikataza?

Januari 2025 Supreme Court ikiongozwa na huyo huyo Owiny-Dollo ikasema raia wasishtakiwe kwenye korti za kijeshi. Haikupita nusu mwaka Bunge likapitisha sheria mpya ya UPDF, jeshi letu, kuwarudisha huko.

Pili, kuna watu huwa wanasema hali ya ugaidi ni ya dharura kwa hiyo katiba inapumzika kidogo. Hapana. Ibara ya 22 inasema hakuna mtu atanyimwa uhai kwa makusudi isipokuwa kwa kutekeleza hukumu ya mahakama baada ya kesi ya haki. Na ibara ya 44 imetaja mambo ambayo hayaguswi hata iweje, hata vita: kuteswa, utumwa, haki ya kusikilizwa kwa haki, na haki ya kuomba mahakama iamuru mtu aletwe mbele yake. Waliotunga katiba ile 1995 hawakuwa watoto. Walikuwa wametoka kwenye Nakasero ya Amin, makao ya mateso ya usalama wake, wameona watu wanapigwa risasi hadharani Februari 1973, wameona panda gari za miaka ya 80 ambapo mtaa mzima unapakiwa kwenye lori na wengine hawarudi. Waliandika ile ibara wakijua serikali ikiogopa inafanya nini.

MwanaRwenzori

Na mimi niongeze la kwetu kwa sababu nimeona mtu kaniandikia inbox kwamba natetea magaidi.

Novemba 26 na 27, 2016. Walinzi wa kifalme wa Rwenzururu walipambana na polisi, polisi waliuawa, hilo ni kweli na lilikuwa baya. Kesho yake jeshi likaingia kwenye kasri la mfalme pale Kasese mjini. Wakafa watu zaidi ya 100, Human Rights Watch wakasema hata watoto walikuwemo. Mfalme Mumbere akashtakiwa ugaidi, uhaini na mauaji, yeye na watu wake wengi. Haya, Juni 2023 DPP akafuta yale mashtaka. Kwa hiyo wale waliobaki hai walifutiwa ugaidi. Waliokufa je? Nani aliwafutia? Hakuna afisa hata mmoja aliyefikishwa kortini kwa siku ile, na nina majirani ambao walizika mtu wao bila kuambiwa rasmi alikufa kwa kosa gani.

Ndo maana nasema hili neno gaidi likishatosha peke yake kuruhusu risasi, basi anayegawa hilo neno ndiye anayegawa uhai. Leo ni ADF kweli, kesho ni mlinzi wa kasri, keshokutwa kijana wa upinzani, halafu mtoto wa Hajat anayetoka kuswali. Sisi wa mpakani tumepigwa pande zote mbili na bado nasema waleteni hai. Waleteni hao waliochoma Lhubiriha nije nikae kiti cha mbele niwasikie wakisema nani aliwatuma, nani aliwapa chakula, nani aliona wanavuka akanyamaza. Mimi ninayataka hayo majina. Mwili wa porini hauniambii.

Mstaafu_Bombo

@MwanaRwenzori siku ile ya Kasese siwezi kuizungumza hapa. Nitasema tu kwamba pale penye raia wengi ndani ya uzio, kuna njia ya kuzingira na kungoja. Maji yanakwisha, chakula kinakwisha, wazee wa kanisa wanaingia kuongea. Inachukua siku, lakini watu wanatoka.

Pendekezo langu kama askari: kila operesheni ambayo mtu amekufa, kamanda aandike ndani ya saa 24, nani aliamuru, habari ilitoka wapi, alionywa vipi, kwa nini hakushikwa. Na daktari asiye wa jeshi auone mwili kabla ya kuzikwa. Askari aliyefuata sheria hiyo karatasi itamlinda.

Kalamu_Wandegeya

Afande hiyo ya daktari na uchunguzi ipo tayari, tunayo Inquests Act, hakimu anaweza kuchunguza kifo chenye utata hadharani na mashahidi wakaitwa. Tumeiacha tu ilale. London walipomuua yule Mbrazil Jean Charles de Menezes Julai 2005 wakidhani ni mlipuaji, kumbe fundi umeme anaenda kazini, angalau palikuwa na uchunguzi wa wazi, wale polisi waliofyatua wakahojiwa mbele ya baraza la raia, na baraza likakataa kukubali maelezo kadhaa ya polisi. Hakuna aliyefungwa, familia haikuridhika na wana haki, lakini jina la marehemu lilisafishwa na ukweli ulijulikana. Sisi kwa Kirevu hata hicho hatuna. Mnaweza kuwa mnaamini alikuwa gaidi, sawa, fungueni uchunguzi mtuonyeshe.

Sasa Hajat. Sikiliza vizuri. Ibara ya 23 inasema mtu aliyekamatwa apelekwe kortini ndani ya saa 48, akae mahali panaporuhusiwa na sheria, na ndugu zake waambiwe. Kwa mtoto wenu yote matatu yamevunjwa. Tafuteni wakili apeleke ombi High Court kuamuru waliomchukua wamlete mbele ya jaji, hata kama hamjui ni kitengo gani, mnawataja mwanasheria mkuu wa serikali na wakuu wa vyombo. Kuna mawakili wa msaada wa kisheria wanafanya bila malipo. Pia pelekeni malalamiko Uganda Human Rights Commission. Na sheria ya 2019 ya kutekeleza haki za binadamu inaruhusu kumshtaki afisa mwenyewe kwa jina lake, alipe kutoka mfukoni mwake. Msidhani korti haisikii: waliokamatwa kwa mauaji ya afisa mkuu wa polisi Kaweesi 2017 wakateswa kituo cha polisi Nalufenya, High Court iliamuru 22 kati yao walipwe shilingi milioni 80 kila mmoja, na mwaka uliofuata kile kituo kikafungwa. Rais mwenyewe Mei 2017 aliandika barua kwa wakuu wa usalama kwamba mateso ni makosa kwa sababu mtu asiye na hatia anaweza kukiri ili tu aachwe.

Muhimu: andikeni sasa hivi tarehe, saa, rangi ya gari, nani aliona. Kumbukumbu za watu zinapotea.

Hajat_Mbale

Jazakallah khair mwanangu. Gari lilikuwa jeupe, hilo tuna hakika, na muuza chapati wa pale njiani aliona lakini anaogopa kuandika. Mwenyekiti wa LC1, serikali ya kijiji, ndiye amekubali kutia sahihi na muhuri kwamba kijana ni mkazi wake na alichukuliwa usiku ule. Je huyo muuza chapati akikataa kabisa, maneno ya mwenyekiti peke yake yanatosha kupeleka High Court?

Kalamu_Wandegeya

Yanatosha kuanzia Hajat. Wewe au dada yako mnaapa kiapo cha maandishi mnachokijua, mwenyekiti anaapa chake, barua yenye muhuri inaambatanishwa. Muuza chapati msimlazimishe. Na andikeni pia vituo vyote mlivyozunguka na mlichojibiwa, kwa sababu kila waliposema hayuko kwetu ni ushahidi. Nitumie inbox mko sehemu gani ya Mbale, kuna wakili namfahamu anakuja huko kila wiki.